Mahari Iliyolipwa Yote

Kambi ya walinzi, Qatar
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mpenzi Wanja,

Keti chini kwanza. Umeketi? Haya. Nimemaliza.

Nimemaliza mahari, Wanja, yote, mpaka shilingi ya mwisho ambayo baba yako alimtajia mjomba Kiarie siku ile alipokuja kwenu kubisha hodi kwa niaba yangu. Leo tuliruhusiwa kwenda Doha, nikaenda moja kwa moja kwa Guled, yule mwenye duka la kutuma pesa, nikamhesabia riyali mpaka mikono ikatoka jasho. Akapiga simu moja tu kwa binamu yake Osman hapo Eldoret. Kesho Osman atakuja kwenu Yamumbi aweke bahasha kwa mkono wa mzee.

Najua utaniuliza mbona yote mara moja na tulisema kidogo kidogo. Sikia hesabu yangu. Benki inanikata nikituma, halafu inanikata tena ikibadilisha riyali kuwa shilingi, na huko kukata kwa pili hawakuambii, unaona tu pesa imekonda njiani. Kwa Guled ada ni ile ile utume kidogo ama utume nyingi. Nikigawa mara nne nalipa ada mara nne. Kwani nina wazimu? Halafu Osman mwenyewe aliniambia mwezi uliopita: "Ndugu yangu, mahari ni haki ya mwanamke, na haki haicheleweshwi. Kama unayo, toa yote ulale." Nikasema huyu mtu ana akili.

Mjomba sikumhusisha. Unajua ile pesa ya Novemba niliyomtumia alete kwenu alinunulia mbegu ya viazi, ati akivuna atairudisha, na baridi ikachoma shamba lote huko Burnt Forest. Simchukii. Ndiye alinilea baada ya baba kuuawa kwa vurugu za uchaguzi ile 2008. Lakini pesa yako siwezi kuipitisha kwa mkono wake tena, hapana.

Sasa kitu kimoja. Kampuni inataka majina ya wanaotaka likizo ya Agosti kabla Aprili iishe. Nikikosa hapo nangoja miaka miwili. Kwa hivyo mzee akitoa tarehe ya harusi, niandikie siku hiyo hiyo. Simu zetu bado zinafungiwa getini kwa sababu ya mitambo ya gesi, na hii kompyuta ya ukumbini tunaigombania kambi nzima, lakini nitaipitia kila jioni.

Usimwambie mzee kitu. Nataka ashtuke kwa furaha.

Wako,
Muchiri


Kambi, Qatar
Alhamisi, 13 Machi 2025

Wanja,

Kwani kuna nini? Nakuandikia barua za mistari miwili miwili na hujibu hata moja. Nimejiambia labda bando imeisha, nikajiambia labda stima imepotea Yamumbi, nikajiambia labda umeenda kwa shangazi. Maneno ya kujiambia yameniishia.

Mzee amepokea ama hajapokea?

Nitakuambia ukweli, nimeanza kumwaza huyu Osman vibaya. Guled alinipa kakaratasi kadogo kana namba tu, hakana muhuri wala sahihi. Kim, yule tunalala chumba kimoja, ananiambia kuna jamaa alipeleka pesa kwa duka kama hilo na baada ya wiki akakuta wanauza viatu hapo. Nilicheka. Halafu nikaenda kulala na sikulala. Ile ni pesa ya miaka miwili na nusu, Wanja. Ni mimi nikisimama juani nikinyimwa hata kuketi.

Neno moja tu. Amepokea, ama hajapokea.

Muchiri


Kambi, Qatar
Jumapili, 16 Machi 2025

Bwana Osman,

Hatujuani sana, lakini leo nitakuandikia kama mtu tunayejuana.

Ulinihubiria mambo ya haki. Haki haicheleweshwi, ukasema. Sasa haki yangu iko wapi? Kwa mchumba wangu ni kimya. Duka la Guled siwezi kwenda, maana wakati huu wa Ramadhani wametupunguzia ruhusa ya kutoka. Na wewe hata salamu hujatuma.

Kama pesa ulipeleka, niambie ulipeleka siku gani na nani alikuona. Kama hukupeleka, jua kitu kimoja: mimi ni mlinzi. Kutafuta watu ndiyo kazi inanilisha. Nitakutafuta Eldoret, nikikukosa nitakutafuta Garissa, na nitakupata.

Muchiri


Eldoret
Jumanne, 18 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Muchiri,

Salamu nyingi. Nimesoma barua yako. Mimi nimefunga, na mtu aliyefunga hajibu tusi kwa tusi, kwa hivyo umebahatika na mwezi.

Wallahi pesa yako nilipeleka Jumamosi ile ile. Sikutuma mtu, nilienda mwenyewe. Mzee Njenga alikuwa anakamua ng'ombe. Aliacha kukamua, akaosha mikono, akanipa kiti. Mkewe, Mama Virginia, akaleta chai, nikamwambia nimefunga, akaitia kwa chupa ati nikanywe jua likizama. Watu wazuri kabisa. Nikatoa bahasha nikamwambia, "Mzee, kijana wako Muchiri amemaliza." Akauliza, "Amemaliza nini?" Nikasema, mahari. Akauliza, "Yote?" Nikasema yote, alhamdulillahi.

Ndugu yangu, uso wa mzee ulibadilika. Akaniuliza wazee wako wako wapi. Nikamwambia wazee sijui, mimi ni mtu wa pesa. Akanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima.

Jumatatu asubuhi namkuta amesimama nje ya duka, hata sijafungua mlango vizuri. Bahasha iko mkononi, haijapasuliwa. Akaiweka kwa meza yangu. "Mwambie aje aichukue mwenyewe." Mke wangu Sahra akamwambia, mzee keti kidogo. Akakataa, akaenda zake.

Unauliza mbona sikukuambia. Niliona haya. Nilisema ni hasira ya siku mbili, itapoa, hakuna haja ya kumtia kijana wasiwasi akiwa mbali. Nimekosa hapo, nakubali. Lakini nielewe pia. Kwetu mtu akitoa mahari yote siku moja tunachinja na tunamwombea dua. Yule anayebakisha ndiye tunamuuliza ana nini. Nilikushauri kama ningemshauri binamu yangu Guled. Sikujua kwenu ni namna gani, na nilikuwa nafaa kuuliza.

Pesa iko kwa sefu yangu, haijaguswa. Lakini amana ni kitu kizito, ndugu yangu, na hii yako inanikalia kifuani. Duka likiibiwa? Mimi nikifa? Kila nikifungua hiyo sefu nasema innalillahi. Niambie niipeleke wapi.

Ile sehemu ya kunitafuta mpaka Garissa nilimsomea Sahra. Tumecheka kidogo, tumekasirika kidogo. Tumekusamehe. Na Garissa sijawahi kukaa, mimi ni mzaliwa wa hapa hapa.

Osman


Yamumbi
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kwa Bwana Muchiri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, sisi hapa tu wazima. Anayechapa ni Wanja, na mimi nimeketi karibu naye nikiwa na miwani, ili asipunguze neno wala asiongeze.

Nilipokea mgeni uliyemtuma. Yeye simlaumu, ni muungwana, alitumwa akafika. Neno langu ni kwa aliyemtuma.

Mjomba wako alipokuja hapa, nilimtajia mambo ya nyumba hii kama inavyotakiwa. Sikumpa bei. Nilimtajia vitu ambavyo mtu hutoa pole pole, akija na wazee wake, akila kwetu, akirudi mwaka mwingine na mwingine, mpaka tunazeeka tumezoeana. Wewe ukaona ni bili ya maji. Ukalipa usije ukakatiwa.

Kwetu ruracio, yaani mahari, haiishi. Hata mimi mahari ya mama yake Wanja sijamaliza mpaka leo, na huyo mama nimekaa naye miaka arobaini. Mtu akimaliza yote kwa siku moja, tena bila mzee hata mmoja, anasema jambo moja tu: kwamba hataki kuonana na watu wa nyumba hiyo tena. Amechukua chake, amefunga mlango. Sijui kama ndivyo ulitaka kusema. Mimi ndivyo nilivyosikia.

Pesa yako iko kwa Osman. Ichukue. Siwezi kutoa tarehe ya harusi kwa mtu ambaye amemaliza.

Ni mimi,
Mzee Njenga

Muchiri, ametoka nje, ng'ombe amekata kamba. Alinikataza kukuandikia mpaka yeye aseme kwanza, na nikatii, nisamehe. Usijibu kwa hasira. Nakuomba kwa Mungu usijibu kwa hasira. Anarudi. W.


Kambi, Qatar
Ijumaa, 21 Machi 2025

Wanja,

Umeniomba nisijibu kwa hasira. Basi simjibu yeye, nakujibu wewe, na hasira ninayo.

Hapa kambini kuna wanaume wanaokimbia wakwe kama wanakimbia polisi. Wanabadilisha laini za simu. Mmoja ana watoto watatu na hajawahi kupeleka hata kilo ya sukari. Mimi nimekula dengu miaka miwili ili nisionekane mtu wa bure mbele ya baba yako, halafu naambiwa nimefunga mlango! Mlango gani? Mimi ndiye niko nje!

Na ningejulia wapi hayo mambo? Mtu huambiwa na babake. Wangu walimuua nikiwa darasa la tatu, na mjomba alikuwa anahangaika tule. Tulikaa kwa hema mwaka mzima. Hakuna siku mtu alinikalisha akaniambia Muchiri, mahari yetu hulipwa hivi na hivi. Nilijua tu kwamba deni ni aibu. Hiyo nilifunzwa vizuri.

Sasa niambie ukweli. Kosa kama hilo mtu huitwa akaulizwa, akatozwa faini, watu wakacheka, wakala. Baba yako amenifukuza kama mwizi. Kuna kitu hamniambii. Kama kuna mtu mwingine, sema. Kama mzee amepata mkwe wa Nairobi mwenye gari, sema tu, sitakufa.

Msimamizi alinipa fomu ya likizo jana. Nimemrudishia tupu. Akaniangalia akaniuliza kama nimefiwa. Leo nimesimama getini zamu nzima na siwezi kukuambia ni gari gani limeingia na gani limetoka. Wakijua watanifukuza na huku pia.

Muchiri


Yamumbi
Jumatatu, 24 Machi 2025

Muchiri,

Mtu mwingine? Haki ya Mungu ungekuwa hapa ningekurushia sufuria. Nakungoja miaka miwili na nusu, wasichana wote wa rika langu wanazaa wananipita, na unaniuliza ujinga kama huo. Hebu shika adabu.

Lakini ni kweli kuna kitu hatujakuambia. Nitakuambia mimi, kwa sababu kwetu hakisemwi.

Kila mtu anamwita mama yangu Mama Virginia, hata wewe. Unajua tu kwamba Virginia alikuwa dada yangu mkubwa na alikufa. Aliolewa nikiwa darasa la saba. Huyo mwanaume alikuja na magari matatu, akaweka mahari yote mezani siku hiyo hiyo, noti mpya za benki. Wazee walinong'ona. Lakini baba alikuwa hajasimama tangu tufukuzwe Burnt Forest, tulikuwa tunakaa hapa Yamumbi kwa mabati ya kuazima, na akaona ni Mungu amemkumbuka. Akaipokea. Hii nyumba tunayokaa ilijengwa na hiyo pesa.

Hata mwaka haukuisha, Virginia akaanza kupigwa. Alimpigia mama simu akilia. Baba akavaa koti lake la kanisa akapanda gari mpaka Kitengela kuuliza kuna nini. Yule mwanaume alimsimamisha getini, Muchiri. Hakumpa hata maji. Akamwambia, "Mzee, mimi nilikulipa nikamaliza. Umekuja kudai nini hapa?"

Baba hakuwa anadai kitu. Alisimama hapo, halafu akageuka akarudi nyumbani. Virginia alikufa mwaka uliofuata. Walituambia ni presha. Msichana wa miaka ishirini na minne, presha. Tulipoenda kumzika tulikalishwa nyuma na majirani, na baba hakuitwa kusema hata neno moja juu ya mtoto wake.

Sasa umeelewa ni nini Osman alimwekea mkononi? Alilala na hiyo bahasha chini ya mto siku mbili, haifungui. Jumapili hakwenda kanisani. Mama akamuuliza, Baba Virginia unaumwa? Akasema, "Nimelipwa nikamalizwa tena."

Na nitakuambia lingine, ukasirike ukitaka. Niliposoma barua yako ya kwanza, mahali umeandika "nimemaliza," nilikuogopa. Ni kidogo tu, kabla nikumbuke ni wewe. Lakini niliogopa. Nilizima simu nikaenda kuketi na mama jikoni.

Sitaolewa bila baba. Si eti amenikataza, yeye hajasema hivyo. Ni mimi nimesema. Sitaki kukaa kwa nyumba ambayo baba yangu hawezi kubisha mlango.

Mjomba Kiarie lazima aje. Najua alikula pesa na viazi vikamshinda. Mzee aliyekosa bado ni mzee. Mtafute, na atafute wenzake, waje kama watu. Na Agosti hiyo usinihimize nayo. Na mimi naihesabu.

Wanja


Kambi, Qatar
Jumatano, 26 Machi 2025

Kwa Bwana Osman,

Naanza na kuomba msamaha. Nilikuita mwizi na wewe ulikuwa unailinda pesa yangu kuliko nilivyoilinda mwenyewe. Mwambie na mkeo Sahra nimekosa. Nikifika nyumbani nitakuja mwenyewe kuomba msamaha, ama unitafute wewe, unajua naishi wapi.

Nimeambiwa kwa nini mzee alikasirika. Siwezi kukueleza, si siri yangu. Lakini angekuwa ni mimi, ningeitupa hiyo bahasha kwa choo.

Sasa nina ombi, na ni gumu. Nenda Burnt Forest, umtafute mjomba wangu Kiarie, anakaa juu ya soko, uliza tu yule wa viazi. Simu yake haishiki siku hizi. Mpe bahasha. Yote.

Najua utaniuliza kama nimefikiria. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Nikikumbuka ile pesa ya Novemba aliyoila, naona heri hii ikae kwako. Lakini Wanja anasema nahitaji wazee, na mimi mzee niliye naye ni huyo mmoja. Nikimpa kidogo kama mtoto anayetumwa dukani, ataenda kwa wakwe zangu kama nani? Mwambie hivi: "Muchiri anasema wewe ndiye baba. Jua mwenyewe nini inabebwa na nini inabaki."

Ikipotea, imepotea nikiwa nimefanya inavyofaa.

Muchiri


Eldoret
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Ndugu Muchiri,

Idi ilikuwa njema, tunashukuru. Sahra ametoa msamaha, anasema utaleta tende.

Nilienda Burnt Forest jana. Nilimpata mjomba wako shambani na jembe. Nikampa salamu, nikampa bahasha, nikamwambia maneno yako yote kama ulivyoyaandika. Pale uliposema yeye ndiye baba, aliweka jembe chini akaketi kwa udongo. Alilia, mzee mzima, mpaka na mimi nikaangalia kando. Halafu akasimama, akatia bahasha ndani ya shati, akasema, "Niachie mimi."

Nikamuuliza atakwenda lini Yamumbi. Akasema, "Niachie mimi."

Basi nimemwachia. Nimetoa mzigo kifuani, ndugu yangu, lakini naona nimeuweka kwako.

Osman


Kambi, Qatar
Jumatano, 16 Aprili 2025

Wanja wangu,

Mjomba hajaonekana kwenu? Naomba usinifiche.

Osman alirudi Burnt Forest jana kwa ajili yangu. Akakuta nyumba imefungwa kwa kufuli. Majirani wanasema aliondoka siku moja baada ya kupewa bahasha, amevaa suti, na hakusema anakwenda wapi. Karibu wiki mbili! Mtu gani hutumia wiki mbili kutoka Burnt Forest mpaka Yamumbi? Hata kwa magoti ungekuwa umefika.

Kim ananiangalia tu siku hizi. Fomu za likizo zinakusanywa mwisho wa mwezi na yangu iko chini ya godoro, nimeandika jina na pale pa tarehe nimeacha wazi.

Sikujutii wewe. Nilitaka ujue hivyo. Kama amekwenda nayo, nitaanza tena kutoka mwanzo, na safari hii nitaanza vizuri. Ila sijui kama nina haki ya kukuambia ungoje. Mimi ningekuwa wewe singengoja. Lakini mimi si wewe, kwa hivyo nauliza.

Mwambie mzee nilipokea barua yake. Mwambie sikutaka kufunga kitu. Nilidhani mtu mzuri ni yule asiyedaiwa.

Muchiri


Yamumbi
Jumanne, 22 Aprili 2025

Kwa kijana wangu Muchiri,

Anayechapa ni Wanja. Safari hii nimemwambia aketi peke yake upande wa taa, kwa sababu analia anachapa vibaya.

Mjomba wako amekuja. Alifika juzi ya Jumamosi, kabla ya Pasaka, na wazee watano na akina mama wamebeba vikapu. Nilimuuliza mbona amechelewa na kijana anaugua huko aliko. Akaniambia alikuwa anatafuta wenzake babako. Wale majirani wa Burnt Forest walitawanyika ile 2008, na yeye aliapa hatakuja kwangu na wazee wa kuokota njiani. Mmoja alimtoa Nyahururu. Mmoja alimkuta amelazwa hospitali ya Plateau, akangoja mpaka akaruhusiwa kutoka, akaja naye na dawa mfukoni. Wote walimjua babako. Wameniambia alikuwa mtu wa kelele nyingi na mkono mwepesi wa kutoa, na nikasema basi mtoto hakutoka mbali.

Kiarie alisimama mbele ya watu wote akasema habari ya viazi bila kuulizwa. Hapo nikamheshimu. Halafu akaweka mezani kiasi kidogo, kama inavyofaa siku ya kwanza, akasema mengine atayaleta miguu ikiwa mizima. Tulikikataa kidogo, tukateta, tukala, tukakipokea. Pesa iliyobaki imerudi kwa Osman. Yeye pia nilimwita, akaja na mkewe Sahra, akaketi upande wenu. Aliniuliza kwa nini sisi hupenda deni lisiishe. Nilimjibu, na nitakujibu wewe pia, maana Wanja ameniambia kwamba unajua habari ya marehemu.

Nilisimama kwa geti ya mtu nikaulizwa nimekuja kudai nini. Jibu sikuwa nalo. Nimelitafuta miaka kumi na moja.

Harusi ni tarehe kumi na sita Agosti. Jaza hiyo fomu yako. Mengine ya mahari utaleta wewe na watoto wako, pole pole, hakuna anayekukimbiza, na usiniletee habari za ada ya benki.

Lakini wazee walipokuwa wanahesabu mifugo, nilitoa mbuzi mmoja nikamweka kando, nikawaambia wote wasikie. Huyo hutamlipa. Si mwaka huu, si mwaka mwingine, hata ukiwa tajiri. Siku nikisikia Wanja haonekani kanisani, ama sauti yake kwa simu imekuwa ndogo, nitavaa koti langu nije kwako. Ukinikuta kwa geti ukiniuliza nimekuja kufanya nini, nitakuambia nimekuja kudai mbuzi wangu. Na wewe utanifungulia, kwa sababu ni kweli nakudai.

Ukimtuma kwa benki nitamrudisha. Ukimtuma kwa Osman, tumeshakubaliana na yeye, hatapokea.

Mkwe wako,
Mzee Njenga